Joka alisema, au joka lilisema?

Mswada wangu ulirudi kutoka kwa mhariri ukiwa na swali moja juu ya ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu: "Kabla sijaendelea, niambie kwanza. Joka huyu, au joka hili?" Chini yake alikuwa amepiga hesabu. Katika kurasa ishirini za mwanzo, majoka yalikuwa "wao" mara 61 na "hayo" mara 48, na pengine ndani ya sentensi ileile. Joka lilitua mwambani, akakunja mabawa yake, likanguruma, akasema.

Nilikasirika sana. Miaka mitano nimekesha na vizazi vinne vya majoka wanaouana, nimewazaa, nimewaoza, nimewazika, halafu huyu mama ananiuliza habari za ngeli kama niko darasa la sita. Nikaufunika mswada nikauweka juu ya kabati. Ukakaa huko wiki tatu, na siku nilipouteremsha ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Naandika haya kwa sababu kila mwezi hawakosi wawili watatu wanaonitumia ujumbe: "Dada mtunzi, na mimi nina fantasia yangu ya Kiswahili, nielekeze mchapaji na bei yake." Bei nitaitaja. Lakini mchapaji ni mtu wa mwisho kabisa katika safari hii, na mimi nilipoteza fedha na miaka kwa kudhani ni wa kwanza.

Nimezaliwa Lindi. Mtoto wa Lindi hukua akisikia habari za mjusi. Huyu si wa ukutani, ni yule dinosaria aliyefukuliwa kwenye kilima cha Tendaguru na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, akasafirishwa kwa meli vipande vipande, na ambaye leo amesimama Berlin, katika Museum für Naturkunde, kimo chake mita 13.27. Mifupa iliyotoka kwenye kilima kile na vitongoji vyake inakadiriwa tani 250 hivi. Reli haikuwepo wala gari. Ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Kwetu inasemwa kuwa baba wa babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Karatasi ya kuthibitisha sina, ila neno lake limebaki katika ukoo: kwamba usiku wakiota moto waliulizana, mnyama wa ukubwa huu, nani alimuua?

Mimi kitukuu wake nikajibu kuwa aliuawa na mwenzake. Riwaya ikaanzia hapo.

Ungetarajia basi kwamba niliandika majoka wa Lindi. Wapi! Mwaka 2016 nilipoanza, nilikuwa nimeshiba filamu. Majoka wangu wa kwanza waliitwa Drakmor na Vexaria, walikaa kwenye ngome za mawe juu ya milima ya theluji, nami theluji sijawahi hata kuikanyaga. Nilikuwa nikiuza duka la dawa Dar es Salaam, zamu za usiku, na kati ya mteja na mteja nilikuwa naandika kwenye simu. Sehemu moja maneno mia tisa, naituma kwenye kundi la WhatsApp, wasomaji wananirushia shilingi 1,000 kwa wiki. Watu kumi na wawili wakawa arobaini, wakafika sabini na nne.

Siku moja dada mmoja wa Kigoma akauliza kundini: "Mtunzi, samahani, hawa majoka ni wa wapi? Mbona hakuna wanachokula ninachokijua?"

Wengine walimcheka. Mimi nilikosa jibu.

Desemba ile nilienda nyumbani. Mjomba wangu ni mvuvi, na jioni anapokaa barazani hazungumzi siasa wala mpira, anazungumza upepo. "Kaskazi mwaka huu imechelewa," anasema, kama mtu anayelalamikia mgeni aliyeahidi kuja. Nimemsikia tangu utoto, sikuwahi kumsikiliza. Jioni hiyo nilimsikiliza. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi inashika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, Oktoba. Na katikati kuna malelezi, wakati upepo hauna bwana, ambao wengine huuita tangambili kwa kuwa chombo kinaweza kutweka kwenda huku au kule. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kurudi kwa kalenda hiyo karne na karne. Nikawaza: kama jahazi haliwezi kushindana na kusi, joka mwenye uzito wa tembo sita ataruka vipi dhidi yake?

Nilifuta theluji yote usiku ule. Koo mbili zikawa Ukoo wa Kusi na Ukoo wa Kaskazi. Kaskazi hushambulia upepo wao ukivuma, kwa kuwa ndio unaowabeba. Kusi hulipiza upepo ukigeuka. Katika malelezi hakuna anayeweza kuruka mbali, kwa hiyo hapo ndipo wanapooa, wanapotaga, na wanapozika. Vita vikapata msimu, na mimi nikapata muundo wa kitabu bila kuutafuta. Drakmor akawa Ngurumo. Vexaria akawa Bi Makaa.

Kama una ulimwengu wa kubuni kichwani, usiende kuutafutia vifaa mbali. Kaa na mvuvi, au na mfugaji, au na bibi anayepanda mpunga, umuulize nini kinamzuia kufanya kazi yake. Kinachomzuia yeye ndicho kitakachomzuia joka wako, na joka asiyezuiwa na kitu chochote hachukui kurasa tatu kabla hajamchosha msomaji.

Sasa vizazi. Hapa ndipo nilipoumia zaidi.

Kiswahili kina neema moja kwa mwandishi wa ukoo: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kila mmoja ana jina lake. Nilijigamba kwamba nitaandika hadi vilembwe. Lakini nilikuwa naandika sehemu kwa sehemu, usiku, huku nauza Panadol, na sikuwa na daftari la umri wa mtu yeyote. Nilifikisha sehemu 140 kabla mambo hayajafumuka. Msomaji mmoja, kijana wa sheria (mungu wangu, watu wa sheria), akaniletea orodha. Mzee Shungi alikufa sehemu ya 31 na akaonekana harusini sehemu ya 58, tena akicheza. Bi Makaa alikuwa mdogo kwa bintiye miaka tisa. Ndugu wawili waliozaliwa katika yai moja walikuwa na mama tofauti.

Kosa kubwa zaidi kuliko hayo hakuliona yeye, aliliona mhariri baadaye. Nilikuwa nimewapa majoka wangu umri wa miaka mia tisa, kwa sababu majoka lazima waishi sana, sivyo? Matokeo yake kizazi cha nne kinapigana, na cha kwanza bado kipo, kimekaa pembeni kinatazama. "Majoka yako hayafi," aliniambia. "Sasa nani anarithi nini? Kisasi kinarithiwa na mtu ambaye hakuwepo siku ya kosa. Mwenye kosa akiwa hai, si anaulizwa tu?"

Nilishusha umri hadi miaka 120. Kitabu kizima kikabadilika. Ugomvi wa kwanza ulikuwa mdogo: pango moja lenye joto zuri la kuatamia, mama wawili, yai moja likaviringika na kupasuka, na hakuna aliyejua ni mkia wa nani ulioligusa. Watoto walisimuliwa kuwa lilisukumwa. Wajukuu walisimuliwa mayai saba. Vitukuu walikuwa na wimbo wa mayai arobaini, na mashujaa, na majina ya waliouawa, majina ambayo hayakuwahi kuwa na mwenyewe. Kwa miaka mia tisa hilo haliwezekani, kwani bibi mwenye yai angekuwa amekaa palepale akisema, "Jamani, lilikuwa moja."

Nilichora shajara mwishowe, yaani mti wa ukoo. Nilibandua kalenda nne za zamani ukutani, nikazigeuza nyuma, nikaziunganisha kwa gundi ya karatasi, nikaandika kila joka: alizaliwa malelezi gani, alikufa upepo gani, nani aliona. Safu ya "nani aliona" ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu katika hadithi ya kisasi kilichotokea si kitu kama hujui nani anadai alikiona. Fanya hivyo kabla ya sura ya kwanza. Mimi nilifanya baada ya sehemu ya 140, ikanigharimu miezi saba ya kurekebisha na wasomaji thelathini waliochoka kusubiri wakaondoka. Siwalaumu, walikuwa wamelipa.

Kuhusu WhatsApp sina kinyongo nayo. Ilinilipa karibu shilingi 2,900,000 kwa miaka mitatu na ushee, na ilinipa wasomaji wakali. Sehemu zangu zilirushwa kwenye makundi mengine bila jina langu, wengine wakaweka majina yao na namba zao za kupokelea fedha. Hilo lilikuwa linaniliza, nikazoea. Lakini kuna ugonjwa ambao inakuachia. Ukilipwa kwa wiki, kila baada ya maneno mia tisa lazima mtu aning'inie mwambani, ili msomaji arudi wiki ijayo. Nilipoziunganisha sehemu zote kuwa mswada nikasoma mfululizo, nilihisi kizunguzungu. Mlango uligongwa mara 46. "Hakuamini macho yake" yalikuwepo mara 33. Hakuna joka aliyewahi kulala usingizi mzima. Kugeuza mkusanyiko ule kuwa kitabu nilizitupa sehemu 50 hivi, na mahali pake nikaandika kitu ambacho kundini nisingethubutu, yaani sura nzima ambayo mama joka anaatamia, upepo umetulia, na halitokei jambo. Mhariri alisema ndiyo sura bora kitabuni.

Basi nirudi kwa mhariri na swali lake.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mstaafu, na bei yake ilikuwa shilingi 1,400,000 kwa mafungu mawili. Nilimwona ghali. Nilikuwa nimekaa miaka mitano bila kumwonyesha mtu wa kazi hata sura moja, kwa hofu ya kuibiwa wazo. Wazo la majoka! Kama nani hajawahi kulisikia. Ningempa sura ya kwanza mwaka ule wa kwanza, kwa labda shilingi elfu hamsini, lile swali lingenifikia ningali na kurasa kumi na tano, sio mia nne.

Baada ya hasira kupoa nilimpigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamua?"

"Mwalimu, kwani msomaji anajali ngeli?"

"Hajali hata kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezisahau. Sura ya tatu nimemlilia yule mama aliyepoteza yai, nimelia kwelikweli, mzee mzima. Nafungua sura ya nne unaniambia 'likaondoka'. Machozi yakakatika. Nikajiona nimelilia gogo."

Shuleni tulifundishwa kwamba kiumbe mwenye uhai hufuata A-WA hata kama jina lake limekaa mkao mwingine: jogoo amewika, kifaru amelala. Lakini nyoka ukimkuza akawa joka, mbwa akawa jibwa, mtu akawa jitu, ulimi wa wengi huhamia LI-YA wenyewe. Jibwa lile limening'ata. Ndani ya ukubwa huo kuna hofu, au kuna dharau, na mara nyingi vyote viwili. Huwezi kuliita jitu "mjomba".

Kwa hiyo swali la Mwalimu lilikuwa kubwa kuliko sarufi. Nikisema "lilisema" katika kitabu kizima, nimeandika habari za mazimwi. Nikisema "alisema" katika kitabu kizima, nimeandika habari za watu waliovaa magamba, na ile hofu ya kuona kitu kikubwa kikishuka kutoka mawinguni inapotea. Nilikaa na hilo wiki mbili. Jibu lilitoka mahali ambapo sikupategemea.

Bibi mzaa mama ni wa Masasi, Mwanglikana wa zamani, Biblia yake imeshonwa mgongo kwa uzi wa viatu. Mama mdogo alimwambia kuwa naandika habari za majoka. Simu ikaja asubuhi na mapema.

"Mjukuu wangu, nasikia unamwandikia Ibilisi kitabu."

"Hapana bibi, ni hadithi tu."

"Hadithi ya nani? Joka ni mmoja. Soma Ufunuo, sura ya kumi na mbili, halafu unipigie."

Nikasoma kwa heshima yake. Na nikashtuka, ila si kwa sababu aliyoitaka yeye. Anapoonekana kwa mara ya kwanza, kule juu mbinguni, ni "joka kubwa jekundu", kitu cha kutazamwa kwa mbali. Akishaanza kutenda, akisimama mbele ya mwanamke, akitupwa chini, anakuwa "yule joka". Akiwa mbali amepewa ukubwa wake. Akikaribia, amepewa nafsi. Ibilisi mwenyewe!

Nilimpigia Mwalimu nikiwa sijapiga mswaki. Nikamwambia: joka akimzungumzia joka wa ukoo wake, ni "huyu", "amekuja", "wamelala". Akimzungumzia wa ukoo wa pili, ni "lile", "limekuja", "yamelala". Ukoo wa Kusi wanaposimulia, Kaskazi ni majoka yale. Sura inayofuata Kaskazi wanasimulia, na vitu vimegeuka: sasa Kusi ndio hawana nafsi. Sijaeleza popote kitabuni. Nimeacha sarufi ifanye kazi ya matusi.

Mwalimu alinyamaza muda. Kisha akasema, "Sasa una kitabu." Halafu akaongeza kwamba itabidi nikipitie chote upya na kwamba bei ya mkupuo wa pili iko palepale.

Bibi hakuridhika, niseme ukweli. Anasema kama kila mtu anamwona adui yake kuwa Ibilisi basi Ibilisi mwenyewe atapata wapi nafasi. Sikuwa na la kumjibu. Nimempa nakala, ameiweka chini ya Biblia, "ili ikandamizwe".

Kwa haraka ya kufurahi nikafanya upuuzi ambao nakuomba usiufanye. Badala ya kupitia sentensi moja moja, nilifungua programu ya kuandikia, nikaiamuru itafute "lili" kila mahali katika sura za Kusi iweke "ali". Sekunde mbili, mabadiliko elfu moja na kitu. Nilijisikia fundi. Jioni nasoma: jua alizama. Jiwe alianguka. Pango zima alitetemeka. Na mahali majoka wote "walilia" kwa msiba, sasa "waalia". Sikuwa nimehifadhi nakala ya zamani chini ya jina jingine. Ilinichukua majuma matano kuliokota kila jua na kila jiwe, na naamini kuna dirisha moja mahali fulani kitabuni ambalo hadi leo lina uhai. Hifadhi nakala mpya kila siku, yenye tarehe kwenye jina lake, na ujitumie kwa barua pepe. Na upatanisho wa kisarufi haurekebishwi kwa amri moja ya kompyuta, kwa sababu kompyuta haijui nani kafanya nini.

Wachapishaji nitawapitia haraka. Niliandikia wanne. Wawili hawakujibu. Mmoja alijibu kwa upole kuwa soko lake ni shule na kitabu hiki hakiko kwenye mtaala. Wa nne alitaka nipunguze hadi kurasa 120 na kumfanya shujaa awe mwanafunzi wa kidato cha pili. Nikaamua kujichapishia mwenyewe. Kabla hujafika huko, soma masharti ya tuzo za uandishi, kwa sababu baadhi yake hupokea mswada ambao haujachapishwa tu. Mimi nilikumbuka nikiwa tayari na maboksi ndani ya nyumba.

Namba ya ISBN nilipata Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi nikaiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hatua hizo mbili zilikuwa nyepesi kuliko nilivyotishwa. Nenda mwenyewe.

Jalada lilinila mara mbili. Mchoraji wa kwanza nilimwambia "joka" tu, akaniletea kile anachokijua kila mtu, ngome, theluji, bawa la popo. Shilingi 150,000 zikaenda, na kosa ni langu, sikumpa maelezo. Wa pili nilimpeleka hadi bwawani tukamtazama kenge dakika arobaini, anavyoinua shingo, anavyoburuta mkia, ulimi unavyotoka. Nikampa na picha ya tanga la jahazi kwa ajili ya mabawa. Huyo nilimlipa 300,000 na sijutii hata senti.

Kisha kiwanda. Sikiliza vizuri, kwani hapa ndipo fedha halisi inapopotea. Vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa inayokunjwa, na kwangu kila karatasi iliyokunjwa ilitoa kurasa 16. Kitabu changu kilikuwa na kurasa 418. Ishirini na sita mara kumi na sita ni 416. Kwa ajili ya kurasa mbili nililipia karatasi nzima ya ziada katika kila nakala, na mwisho wa kitabu zikabaki kurasa 14 tupu. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Wasomaji walinitumia picha za kurasa hizo wakidhani hadithi imekatwa. Ningeweza kupunguza kurasa mbili kwa kufuta milango miwili iliyobaki ikigongwa.

Shajara niliiweka mwanzoni, imetandazwa kurasa mbili zinazotazamana. Nzuri sana kwenye kioo cha kompyuta. Kilipofungwa kitabu, katikati yote ikamezwa na mgongo, na aliyekuwa katikati ni Tangambili, binti aliyezaliwa na koo zote mbili, ambaye hadithi yote inamzunguka. Jina lake halionekani mpaka uvunje kitabu. Na kuvunjika kilivunjika kweli. Gundi ilikuwa dhaifu kwa unene ule, na kwa joto la Dar es Salaam nakala 112 zilianza kuachia kurasa ndani ya miezi miwili. Mchapaji alikubali kuzibandika upya 60. Zilizobaki 52 ni hasara. Omba nakala moja ya mfano iliyofungwa, iache juani kwenye dirisha wiki nzima, kisha uifungue kwa nguvu katikati. Ikistahimili, ndipo utoe malipo.

Jumla, kwa wanaopenda namba: uhariri 1,400,000, majalada mawili 450,000, kupanga kurasa 250,000, kuchapa nakala 600 kwa 8,200 kila moja, 4,920,000, usafiri na mengineyo 310,000. Shilingi 7,330,000. Milioni mbili kati ya hizo zilikuwa mkopo wa kikoba, na kuna Jumamosi nilipita njia ya nyuma ili nisikutane na mweka hazina. Kitabu nauza 22,000. Duka la vitabu linachukua asilimia 35 na hulipa baada ya miezi mitatu, likikumbuka. Mauzo mengi yametoka kwa watu walewale wa kundini, wale sabini na nne na jamaa zao. Yule dada wa Kigoma alinunua nakala sita. Nimeuza 431, nimegawa 34, zimebaki 83 chini ya kitanda, juu ya mbao ili mchwa wasizifikie.

Juzi msomaji mmoja wa Tunduru, simjui, alinitumia ujumbe saa sita usiku. Alikuwa amegundua mchezo wa "huyu" na "lile" bila kuambiwa na mtu, wa kwanza kunitajia, na alikuwa na hasira.

"Mtunzi, nimekuwa nikikusifia kwa watu. Lakini ukurasa wa 377 umeteleza. Kilembwe wa Kaskazi amemwona wa Kusi amelala pangoni, na umeandika 'huyu'. Ilipaswa kuwa 'hili'. Mhariri wako hakuona?"

Nilimjibu afungue 378.